Mtoto anajua kusoma ila hapendi hadithi za kwenye kitabu, nimekosea wapi wakuu?

BabaIddi_Mbagala

Wakuu salaam. Naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na mama watoto ameshachoka kunisikia.

Nina kijana wa miaka 9, yuko darasa la tatu, ingilishi midiamu moja hivi huku kwetu, jina siitaji. Kusoma anajua, tena anajua haswa, ukimpa ukurasa wa kiingereza anauteremsha wote kama mtangazaji wa redio. Shida hapendi. Akimaliza anafunga kitabu kama mtu aliyetua gunia la mkaa, ukimuuliza ilikuwaje anakukodolea macho tu. Kila Ijumaa shule wanampa kitabu cha hadithi aje nacho nyumbani, chenyewe kembamba kurasa 16, Jumatatu akirudishe pamoja na karatasi amejaza wahusika kina nani, mandhari wapi, funzo ni nini. Basi Jumapili jioni kwangu ni msiba. Dogo analia, mama yake anafoka, mimi naingia naye chumbani tunajaza ile karatasi kwa shari, na nikiwa mkweli kama mara tatu hivi nimeijaza mwenyewe.

Nikasema labda vitabu vya shule ndo vibaya. Nikapita Posta kwa wale jamaa wanaopanga vitabu chini nikachukua vinne vya kiingereza vya mtumba vyenye mapicha, kimoja kinahusu watoto wanacheza kwenye theluji na babu yao. Viko juu ya kabati mpaka leo vinakula vumbi. Nikaficha tableti mwezi mzima nikijua akikosa katuni atashika kitabu. Wapi. Alikaa dirishani anahesabu bodaboda, jioni narudi ananiambia baba leo zimepita 140.

Alafu mtoto huyohuyo bibi yake akija kutoka Rufiji wanakaa kwenye mkeka hadi saa nne usiku anasikiliza habari za sungura na fisi, umwambie akalale anataka kulia. Kwahiyo hadithi anazipenda, kitabu ndo hakitaki.

Mimi mwenyewe msomaji sio. Sekondari tulisomeshwa riwaya ili tujibu maswali ya dhamira na falsafa ya mwandishi, nikakariri desa, nikapata C yangu, tangu siku ile sijafungua hadithi. Ila sitaki na yeye aishie hapo. Kila akimaliza kusoma huwa namuuliza umejifunza nini, angalau akili ifanye kazi, sasa naona kama ndo namzidishia chuki.

Wenye uzoefu nisaidieni. Nawasilisha.

Injinia_wa_Saiti

Mkuu unajitafutia presha bure. Mtoto kusoma anajua, unataka nini tena? Mimi toka nizaliwe nimesoma hadithi za kulazimishwa shuleni tu na leo nasimamia saiti tatu. Mpe hesabu. Habari za sungura hazijengi ghorofa.

Mwalimu_wa_KKK

Injinia wewe nitakurudia, ngoja kwanza nimjibu mwenye uzi.

Baba Iddi pole, na jibu umeshalitoa mwenyewe bila kujua. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili shule ya serikali mkoa wa Morogoro, huu mwaka wa 14, KKK ndo kazi yangu, kusoma kuandika kuhesabu. Watoto wa aina ya Iddi nawajua. Umesema bibi akisimulia anacheka hataki kulala. Bibi anasimulia kwa lugha gani? Na vile vitabu viko kwa lugha gani? Mtoto wako anasoma kwa lugha ambayo hajawahi kuchekea. Kiingereza chake ni cha darasani, cha "sit down" na "may I go out", akikutana nacho kwenye hadithi nguvu zake zote zinaishia kwenye kutamka, na akili haigawanyiki mara mbili, kama inahangaika na sauti ya neno haina nafasi ya kumwona fisi amenasa kwenye mtego. Ndo maana anateremsha kama mtangazaji na kichwani hakijabaki kitu. Mpe Kiswahili kwanza anogewe, kiingereza kitafuata hakiendi popote.

La pili ni hilo swali lako la umejifunza nini. Mzee mwenzangu, wewe ukitoka kuangalia mechi ya Simba na Yanga mtu akusimamishe mlangoni akuulize umejifunza nini na wahusika wakuu ni kina nani, utarudi uwanjani? Acha kabisa. Kama ana la kusema atalisema mwenyewe, saa nyingine siku tatu baadae mkiwa kwenye daladala.

Ngoja niwape kisa changu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, shuleni kulikuwa na maboksi mawili ya vitabu vya hadithi vya msaada, vizuri, vya Kiswahili, vina picha. Viko kabatini ofisini, kabati limefungwa, ufunguo anatembea nao mwalimu mkuu. Nikaomba, nikaambiwa watoto watavichafua. Nikaomba tena. Ikapita miaka miwili, panya wakaingia wakatafuna boksi zima, hapo ndo nikapewa lililobaki kwa hasira, haya chukua. Nikafunga kamba darasani toka dirisha hadi dirisha nikavitundika na vibanio vya nguo, kava zinaonekana, urefu wa mtoto kufika. Sikufundisha kitu. Nilisema tu ukiwahi kufika unaruhusiwa kuchukua. Wiki ya pili watoto wanafika saa kumi na mbili asubuhi wananikuta sijafungua. Vilichakaa ndio, tukavibandika kwa uji wa muhogo, vikachakaa tena, na mpaka leo nawaambia walimu wenzangu bora kilichotafunwa na mtoto kuliko kilichotafunwa na panya.

Sasa kwa Iddi. Msomee wewe. Najua ana miaka 9 na anajua kusoma, msomee hivyohivyo. Kaeni ubavu kwa ubavu msiangaliane kama mahakamani, kitabu akishike yeye na kurasa afunue yeye. Fisi mpe sauti ya fisi usione aibu. Akitaka kusoma yeye mpishe, akikosea neno na maana haijaharibika mwache apite, usimsimamishe kila mstari. Fika pale patamu alafu funga, sema kesho. Atakuchukia usiku huo ila kesho atakutafuta yeye. Akitaka kilekile cha jana, someni kilekile, hata mara kumi, hapotezi muda.

Kujua kama kitabu kinamfaa, mwambie asome ukurasa mmoja na kila neno linalomkwaza akunje kidole. Vidole vitano vikiisha ukurasa haujaisha hicho kigumu, msomee wewe au kiwekeni kisubiri mwakani. Vikikunjwa viwili vitatu hicho ni cha kwake.

Injinia_wa_Saiti

Vidole vya mkono mmoja au miwili

Mwalimu_wa_KKK

Mmoja mhandisi wangu. Mkono mmoja una vidole vitano, nenda kahakiki saiti.

BintiMakunduchi

Mwalimu umesema kweli tupu, na mie nataka niongeze la bibi maana naona mmelipita juujuu.

Mie nimezaliwa Unguja shamba, bibi yangu mzaa mama herufi hizi za kirumi alikuwa hazijui kabisa lakini Kiswahili alikuwa akikisoma kwa herufi za Kiarabu, ana tenzi zake kafunga kwenye kitambaa, usiku anazighani sisi tumelala mapajani mwake. Watu wangemwandika hajui kusoma, na yeye ndiye aliyetutia mapenzi ya kitabu nyumba nzima. Akianza paukwa sie pakawa, kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kakaa, ukisinzia anakupita hakurudilii. Na kabla ya hadithi vitendawili kwanza, ukishindwa unatoa mji, nimeuza miji ya Unguja yote mie mpaka ikabaki Chakechake ikabidi niuze na Pemba.

Kusoma herufi hizi nilianza kwenye kanga. Bibi na mama zangu wadogo wakitoka msibani au harusini wananiita, hebu nisomee huyu kanivalia kanga imeandikwaje, maana jina la kanga likisomwa vibaya ugomvi unaweza kuja siko. Nina miaka saba nasoma MDHANIAYE NDIYE SIYE na wanawake wazima wamenizunguka wanangoja neno litoke mdomoni mwangu. Hakuna mwalimu aliyenipa cheo kama kile, nilijiona kadhi.

Ninachotaka kumwambia baba Iddi ni hichi. Bibi yupo hai alhamdulillah, akija mara nyengine mrikodi kwa simu anaposimulia. Yeye asijue sana asije akaanza kuongea kama yuko redioni. Alafu wewe na Iddi mkae muandike, chukua daftari gumu, bibi kasema hivi, tunaandika hivi, picha achore mwenyewe. Kitabu cha kwanza akipende kiwe cha bibi yake, maneno anayajua, sauti anaijua, akisoma anamsikia. Mie nimefanya na wanangu wawili na yule mdogo alikuwa hata hajui kuunganisha silabi vizuri lakini kile kitabu cha bibi akikisoma kizima, nusu anasoma nusu anakumbuka, sikumkatiza.

Na jengine, msiwape watoto hadithi zilizochujwa mpaka zimekuwa maji. Bibi anasimulia fisi kapigwa, sungura kaiba, jini kameza mtu, watoto wanashikana. Ukifungua vitabu vyengine vya sikuhizi sungura ananawa mikono kwa sabuni. Jambo jema kunawa lakini nani ataacha usingizi kwa hilo.

Mtu_wa_Eastlands

😂😂 sungura ananawa mikono

Watu wa Bongo hamjambo, mimi nasoma hii uzi kutoka Nairobi. Mwalimu nampinga kidogo tu na heshima zote. Msichana wangu ako Grade 4 na kizungu ndio anasoma kuliko Kiswahili, na anacheka, unamsikia kwa choo anacheka peke yake ameenda na kitabu. So shida siyo lugha peke yake. Rudi usome vile baba Iddi ameandika, amenunulia mtoto kitabu ya watoto wa theluji. Mtoto wa Mbagala atajuaje theluji bana, hata mimi siijui. Huyo mtoto angepewa kitabu ya kizungu iko na mathe anapika chapo na matatu imekwama kwa matope angeshika. Lugha ni nusu, hiyo nusu ingine ni ajione ndani.

Kitu ilinisaidia mimi ni kuacha kumchagulia. Jumamosi moja kwa mwezi tunashuka tao, kuna wale huuza vitabu kwa barabara wameziweka chini, sisi tunaita inama bukshop manake lazima uiname ndio uone. Nampea mia mbili mkononi, namwambia chagua, mimi nasimama kando na siongei. Mara ya kwanza akachukua kitabu kava imekatika, ya mambo ya mizimu, nikataka kusema hapana nikajishika. Alimaliza kabla tufike nyumbani, jam ilikuwa mbaya pia hiyo siku. Mara ya pili akachukua ya mapishi. Ya mapishi! Akasoma yote. Sasa ananibagen bei mwenyewe na wale wauzaji wanamjua kwa jina, wanamwekea.

Vitabu mpya ni ngumu, tangu ile sheria ya VAT ya 2013 vitabu viliwekewa 16% na ukiwa kwa duka unaanza kulinganisha na unga. Lakini laibrari ziko. Kaloleni ilirekebishwa ikawa poa, McMillan iko pale Banda Street tangu 1931, na huko Garissa kuna ngamia wamekuwa wakibebea watoto vitabu tangu 1996. Ngamia! Kama ngamia inaweza kutembea na vitabu kwa jua ya Garissa mimi nitasema nini, nimekosa fare?

Mwalimu_wa_KKK

Mtu wa Eastlands hapo kwenye theluji umenishinda nakubali. Ila Iddi Kiswahili chake kiko nyuma ya mlango tu kinasubiri, kwanini tuanze na cha shida wakati cha rahisi kipo. Kumwachia achague naunga mkono mia kwa mia, hata mimi kamba yangu ilifanya kazi kwasababu hiyohiyo.

Mnyama_Damu

Wa kwangu alianza na gazeti la michezo. Nilikuwa narudi na Mwanaspoti jioni, nikiwa bafuni nasikia huko sebuleni kimya, natoka nakuta kalilalia chini anasoma habari za usajili, nani anakuja Msimbazi nani anatemwa. Alikuwa darasa la pili. Mwanzo vichwa vya habari tu, baadae habari nzima, baadae ananisahihisha mbele ya watu kijiweni kuwa baba huyo mchezaji hajatokea huko. Mama yake akawa analalamika mtoto gani anasoma magazeti ya mpira, nikamwambia mwache. Sasa yuko la sita anasoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi waliyofungia maandazi anainyoosha kwanza. Sijui kama hiyo nayo mnaihesabu kwenye fasihi.

Jangwani_Daima

Mtoto anayesoma habari za Simba kila siku anasoma tanzia, hiyo ni fasihi kabisa tena ya kiwango cha juu

Mnyama_Damu

Nilijua tu mtakuja

Kabati_la_Vitabu

Nimechelewa kuuona huu uzi. Mimi nauza vitabu vya watoto Dar, mwaka wa tisa huu, sitaji duka langu nisije nikaonekana nimekuja kujitangaza.

Wazazi kumi wakiingia dukani tisa wanauliza "cha darasa la tatu kipo?" Wanamaanisha kiada, kile cha kufundishia darasani. Ukimwambia hiki ni cha hadithi anakigeuza nyuma anatafuta maswali, akikosa maswali anakirudisha. Kwa hiyo baba Iddi hauko peke yako, na wachapishaji nao wanafuata soko, hela iko kwenye kiada na ziada zinazonunuliwa na shule, hadithi wanachapa nakala chache, zikiisha wanaogopa kurudia. Ndo maana mtu anaweza kukwambia kuna kitabu kizuri cha watoto alikisoma zamani na ukakitafuta mji mzima usikipate. Ule Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulisaidia sana hapo, ulikuwa unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka mashuleni ili mchapishaji asiogope hasara, na mwandishi aandikie watoto wa hapahapa kwa Kiswahili. Vile vya kwenye maboksi ya mwalimu wa Morogoro sitashangaa vikiwa vya njia hiyo.

Sasa wapi utavipata. Duka la TPH, yaani Tanzania Publishing House, pale Samora wana vya watoto vya Kiswahili, nenda na kijana, fanya kama alivyosema mwenzetu wa Nairobi, umpe hela mkononi usimame pembeni. Alafu kuna Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, watu wanaipita kila siku wanadhani ni ya wanachuo wanaokwenda kujisomea mitihani. Ina sehemu ya watoto. Ukishuka Posta unatembea kwa mguu. Walio mikoani nao waulizie maktaba ya mkoa, nyingi zipo na nyingi zina kona ya watoto hata kama vitabu ni vya zamani.

Kama mfuko umekauka kabisa, ingia African Storybook kwenye simu. Ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, wameweka hadithi fupifupi kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo kwa wingi, zimepangwa kwa ngazi toka maneno mawili kwa ukurasa hadi aya nzima, na leseni yake inakuruhusu kuprinti na kugawa bila kumwomba mtu. Bando dogo linatosha. Peleka steshenari ya mtaani waprinti nyeusi na nyeupe, kunja katikati piga pini, umepata kitabu. Na hiyo nyeusi na nyeupe usiione mbaya, mpe penseli za rangi, akishapaka ni cha kwake, hakitupi. Ubora haulingani, nyingine zimetafsiriwa kama zimepigwa pasi, soma wewe kwanza kabla hujaprinti.

Mwisho tofautisheni kitabu cha kumpa na kitabu cha kumsomea. Cha kumpa kiwe chini kidogo ya uwezo wake, cha kumsomea kiwe juu. Ukimsomea riwaya ndefu ya watoto sura moja kila usiku anasikia Kiswahili ambacho mtaani hatakisikia, na haimuumizi maana mzigo umebeba wewe.

Dada_Vitabu_Bei_Chee

Tunavyo vyote mpaka mlangoni karibuni inboksi jamani bei maelewano

BabaIddi_Mbagala

Wakuu nimerudi, najua wiki tano zimepita mkadhani nimekimbia. Nawapa mrejesho wa ukweli usio na chumvi.

Swali la umejifunza nini nimeliacha. Haikuwa rahisi, mara mbili limenitoka nikaligeuza katikati, "umejifu... umeshiba?" Dogo akacheka maana alijua.

Karatasi ya shule bado ipo. Nilimfuata mwalimu wake nikamweleza kwa upole, dada wa watu akasema hata yeye haipendi ila imetoka ofisini na zinakaguliwa. Tukakubaliana funzo aandike sentensi moja tu. Kwahiyo Jumapili bado kuna kanung'uniko ila msiba umeisha.

Samora tulienda. Nikampa elfu kumi nikasimama pembeni kama mlivyosema, akazunguka nusu saa muuzaji ananiangalia mimi, mimi naangalia juu. Akachagua kimoja cha mamba kisa tu kwenye kava mamba amevaa kofia. Usiku wa kwanza nusu nilisoma mimi, nusu akaninyang'anya. Sauti ya mamba niliyompa ni ya foremani wetu wa kazini, mama yake alicheka jikoni nusura aunguze mboga.

Bibi alikuja tukamrikodi, BintiMakunduchi ulisema asijue, alijua, akaanza kuongea kiswahili cha taarifa ya habari dakika tano nzima, tukazima tukamwacha akasahau tukawasha tena. Tumeandika mbili kwenye kaunta buku. Mwandiko wa Iddi unapanda na kushuka na fisi kamchora na miguu sita. Akiulizwa anasema anakimbia. Anamsomea mdogo wake wa miaka mitano na akifika pabaya anafunga daftari anasema kesho, yaani kaniiga mimi mwizi wa usingizi.

Tableti nimemrudishia saa moja kwa siku. Vile vya theluji bado viko juu ya kabati.

Sasa shida mpya. Mimi niko bandarini na wiki mbili za mwezi naingia shifti ya usiku. Mama yake anamsomea lakini mtoto analalamika mama hana sauti ya mamba, anasoma kama anasoma luku. Nikaona nisifanye mambo kuwa magumu, nikakipiga picha kitabu kurasa zote, nikiwa kantini saa mbili usiku narikodi voisi sura moja natuma Whatsapp anasikiliza huku anafuatisha kwenye kitabu. Siku ya kwanza wenzangu walinicheka hadi machozi, jitu zima limevaa helmeti linaongea kama mamba. Siku ya tatu mmoja akasogea na chai yake. Juzi nilikuwa nimeswap shifti sikuwepo, jana naingia getini wananiuliza sasa yule mamba kofia aliipata?

Kabati_la_Vitabu, muendelezo wake upo? Na kama upo niwekee vitatu, wawili hapa wana watoto rika la Iddi, ingawa mmoja nina wasiwasi anakitaka kwa ajili yake.